Sisimizi Akianguka

Siku tuliyohama kutoka Muhumba, mtaa wa wakubwa, naikumbuka hata leo, mwanangu. Papa wangu, babu yako, alikuwa directeur, mkuu wa ofisi kubwa hapa Bukavu, nasi tulikaa katika nyumba ya serikali yenye baraza refu juu ya ziwa. Redio ikasoma majina ya wakubwa wapya, la Papa halikuwamo. Zaïre ilikuwa hivyo: asubuhi watu wanakuinamia, jioni wanakuuliza utahama lini.

Tulikuwa tunahamia Kadutu, mtaa wa watu wa kawaida, kwa bibi. Nilikuwa msichana mwenye maringo (usinicheke, hata wewe unayo), nikasema shule sirudi. Aliye juu mngoje chini, na wenzangu wa darasani walikuwa wakiningoja kwa hamu. Mama alilia, maana nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu kupata diploma.

Papa hakunigombeza. Kabla ya vyeo alikuwa mwalimu wa biolojia. Aliniita barazani, akapangusa sisimizi waliokuwa ukingoni, wakaanguka kwenye saruji ya uani, chini kabisa. Tukashuka ngazi kuwatazama. Walikuwa wanatembea.

“Angalia, maman,” akasema, maana ndivyo alivyoniita kwa mapenzi. “Hawa wako wadogo, hewa inawashika, wanaanguka polepole. Ngombe akitoka kule juu, anapasuka. Mimi nilianguka, lakini sikukuwa mukubwa vile watu walifikiri. Niko mwalimu. Lundi, siku ya kwanza ya kazi, tutaenda ku masomo pamoja: wewe kusoma, mimi kuomba kazi.”

Tulikwenda kwa miguu, tukipita mbele ya ofisi yake ya zamani. Nilitamani ardhi inimeze. Papa akamsalimu mlinzi wa mlangoni kwa jina lake, kama siku zote, na yule mzee akavua kofia. Wenzangu walinicheka, ndiyo, kisha wakachoka. Papa akapewa darasa la kufundisha, nami diploma nikaipata.

Aliyechukua kiti cha Papa naye aliangushwa. Huyo alijifungia ndani kwa aibu, akakataa chakula na watu, mpaka tukamzika. Papa peke yake ndiye aliyekuwa akienda kumbishia hodi.

Mwanangu, nimesikia umepewa cheo, na nimefurahi sana. Mpanda ngazi hushuka. Panda, lakini usivimbe kwa sifa, usiisahau kazi uliyosomea, na umjue kwa jina anayekufungulia mlango. Mungu akupandishe juu, na siku ya kushuka akukute mwepesi.