Taa ya Gia Niliyomfungia Baba

Wateja wangu wenye magari ya mbio huniuliza swali moja, na huliuliza wakiwa na jibu lao tayari. Taa ya gia yasaidia, au ni pambo tu? Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Malindi, mwanamke pekee katika safu yetu ya gereji, na mtu anayeuliza jambo alilokwisha kulijibu hunichosha. Humwambia aketi, nimalize waya nilioushika, kisha nimuulize yeye: masikio yako ni mazima?

Huwa wanacheka. Mimi sicheki.

Taa yenyewe ni kitu kidogo, balbu nyekundu isiyozidi punje ya hindi. Hufungwa juu ya dashibodi, pembeni kidogo mwa macho ya dereva, na huwaka injini inapofika mzunguko uliouchagua, kumwambia kwamba wakati wa kubadilisha gia ni huu. Katika gari la gia za mkono kazi hiyo ni ya dereva mwenyewe, kwa mguu wake na mkono wake. Akibadilisha mapema, gari hupoteza nguvu. Akichelewa, huiumiza injini. Mshale wa mizunguko upo, lakini ni nani mwenye nafasi ya kuutazama mshale na huku kona yamjia? Kwa hiyo dereva aliyeiva hutumia masikio.

Baba yangu alikuwa dereva wa namna hiyo. Kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi, na gereji ninayofanyia kazi ni yake. Aliwahi kuegemeza mpini wa nyundo kwenye injini inayonguruma, akatia sikio kwenye ncha ya pili, akasema, "Valvu ya tatu." Tukafungua, ikawa ya tatu. Watu walileta magari kutoka Magarini na hata Jilore, gari lisiguswe, lisikizwe tu kwanza. Nami nilikuwa nikijivuna kwa masikio yake kuliko kwa mikono yangu mwenyewe.

Alikuwa na gari moja dogo jeupe la viti viwili, alilolikuta limeoza nyuma ya jumba la mgeni mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Alilifufua kwa miaka, kipande kwa kipande, akisaga mwenyewe vile visivyopatikana. Mara chache kwa mwaka wenye magari ya aina hiyo hukutana Kilifi, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ndani ya shamba la mkonge. Lami ingali nzuri, kona huwekewa alama kwa magurudumu makuukuu, na kila dereva huzunguka peke yake huku mwenye saa akimhesabia. Hakuna kombe wala zawadi. Baba alikuwa akienda na kikapu cha mahamri ya mama, na nusu ya mwaka uliofuata aliishi kwa sekunde alizopata huko.

Taa ya gia aliidharau. "Hiyo ni fimbo ya kipofu," aliniambia nilipoanza kuwafungia wateja. "Kipofu wa masikio."

Mwezi wa Ramadhani ndio ulionifungua macho. Nyumbani kwetu, mtaa wa Barani, tunafuturu mkekani, baba ameketi mkabala nami, mama karibu na mlango wa jikoni. Siku moja nilikuwa nikimimina uji vikombeni, mama ameinuka kufuata sambusa. Adhana ya Magharibi ikaanza, na msikiti wetu uko karibu hivi kwamba madirisha hutetemeka. Baba alikuwa ameshika tende yake. Hakuila. Mwadhini akaendelea, akamaliza, na baba bado ameishika tende ile, macho yake yako kwenye mkono wangu. Nilipoweka birika na kuchukua tende yangu, hapo naye akasema bismillahi akala.

Siku ya pili nilifanya makusudi, na hadi leo najionea haya. Adhana ilianza, mimi nikaacha mkono wangu gotini. Mzee wa watu, amefunga kutwa nzima katika joto lile, akangoja. Nikachukua tende upesi kabla mama hajatambua, naye akachukua yake. Ndipo nikajua kwamba haisikii adhana, na kwamba huenda haisikii tangu zamani, na kwamba alikuwa amenichagua mimi niwe masikio yake bila kuniambia. Nilikwenda uani nikalia, kisha nikarudi kuosha vyombo.

Sikumwambia kitu. Nilidhani namstahi. Kumbe nilikuwa naogopa tu.

Baada ya Idi alikwenda Kilifi kama kawaida yake, nami nikiwa naye. Kwenye mnyooko mrefu alikuwa kwenye gia ya pili, na sote tuliosimama kando tulisikia injini ikipanda, ikipita pale alipokuwa akibadilisha siku zote, ikaanza kupiga kelele. Mwenye saa alishusha mkono wake akanitazama. Mimi nilikuwa nikisema peke yangu, badilisha baba, badilisha. Gari lile ni la zamani, halina kinachoizuia injini isizidi. Valvu ikavunjika, injini ikakwama, magurudumu ya nyuma yakagoma, na gari likajizungusha mara mbili likaingia katika mkonge. Nilikimbia hadi ndara zikanitoka. Nilimkuta ameketi usukanini, mzima, amechunwa kidogo mkononi na miiba. Aliuliza, "Imezima?" Injini ilikuwa imezima zamani.

Tuliitengeneza injini kwa miezi. Alipokuwa akifunga boliti za mwisho aliniambia, bila kuinua kichwa, "Mama, nifungie ile taa."

Nilimfungia taa hiyo kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nilipitisha waya mahali ambapo joto halifiki, nikaizungushia kijikombe cheusi isizidiwe na jua. Kisha nikashika bisibisi kuweka mahali pa kuwakia. Injini ile ilikuwa salama hadi karibu mizunguko elfu saba kwa dakika. Nikaukumbuka mkonge, nikaukumbuka uso wake akiuliza kama imezima. Nikaiweka taa iwake elfu tano na kidogo.

"Umeiweka wapi?" aliniuliza.

Nikamgeukia aione midomo yangu vizuri. "Elfu sita na mia tano, baba."

"Vyema," akasema, akaenda kutawadha.

Ningeweza kusema nilidanganya kwa mapenzi, na ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba ilikuwa rahisi. Yeye alikuwa hasikii, mimi nilikuwa na bisibisi.

Kilifi alizunguka vizuri mno. Kila taa ilipowaka mkono wake ulikwenda, hakuna gia iliyolia, hakuna kona aliyoikosa. Nilisimama pale nikashukuru. Alipotoka, mwenye saa alimwonyesha saa yake, kwa kuwa tayari walikuwa wamezoea kumwonyesha. Alikuwa sekunde sita nyuma ya wakati wake wa zamani. Kijana mmoja wa Mombasa akasema kando, "Mzee yuwachoka sasa," na wala hakusema kwa ubaya.

Baba alivua helmeti akakaa kwenye kizingiti cha gari. Kisha akasema, "Gari ni zima. Taa ni sawa, wewe ndiwe uliyeifunga. Kila ilipowaka nimebadilisha, sikupitwa hata mara moja." Alihesabu kwa vidole, kidole cha gari, kidole cha taa, akabaki na kidole kimoja. "Basi aliyekwisha ni mimi."

Hapo ndipo ilipobidi niseme. Mdomo nilikuwa nao. Badala yake nilimpa mahamri.

Alilirudisha gari gereji, akalifunika turubai, na asubuhi iliyofuata akanipa funguo nitundike. Hakuhuzunika kwa kelele. Aliacha kidogo kidogo kuja gerejini. Akija, hakugusa nyundo. Mteja akimtaka asikize injini yake, alimwonyesha mimi. Mama aliniambia kwamba nyumbani hukaa barazani akitazama wapita njia, akiwaona wanaume wengi wameelekea upande mmoja hujua wakati wa swala umeingia, huinuka akawafuata. Nilifunga taa nyingine kwa wateja wengine katika miezi hiyo, zote sahihi.

Ramadhani ikaingia tena. Siku ya kwanza tukaketi mkekani kama tulivyoketi miaka yote. Baba akachukua tende, akaweka macho yake kwenye mkono wangu. Hakuwa na wasiwasi wowote. Adhana ikaanza, nami mkono ukanizidi uzito. Mama akanitazama. Nikaisogeza tende ile hadi karibu na mdomo, nikairudisha sahanini.

"Baba," nikasema, "ile taa niliiweka chini. Elfu tano. Nilikudanganya."

Alidhani hakuona sawa. "Sema tena."

Nikasema tena, polepole, na sauti ya mwadhini ikiingia dirishani. Nilimwambia niliogopa. Nilimwambia kuhusu mkonge. Alinisikiza kwa macho mpaka nikamaliza.

"Nililihisi," akasema. "Kwenye kiti, mgongoni. Gari lataka kwenda, lan'ambia bado. Nikasema hiyo ni tamaa yangu, taa haisemi uongo." Akaiangalia tende yake. "Basi na hii pia. Ungetaka ungeinua kabla ya wakati, nami ningekula."

Mama alimgusa mkono kumwashiria kwamba wakati umeingia, akala. Aliniambia usiku huo tukikosha vyombo, "Njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia mkekani kwangu." Hakunigombeza zaidi ya hapo. Mwezi ule wote uliobaki baba alifuturu msikitini pamoja na wanaume wengine, mahali ambapo aliweza kutazama mikono mingi. Mahali pake mkabala nami mama hakuwahi kupaziba, tuliendelea kula tukiwa tumepaacha wazi.

Siku chache baada ya Idi alikuja gerejini. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitika, "Marahaba." Akalivuta turubai, akatungua funguo mwenyewe.

"Chukua bisibisi."

Aliingia garini akawasha, akakanyaga mafuta kidogo kidogo huku macho yake yako kwenye mshale. Taa ilipowaka aliniashiria, nami nikazungusha. Tukarudia. Alikuwa haniulizi tena ni wapi. Alikuwa akitazama. Mshale ulipofika pale alipopataka aliniuliza jambo moja tu: "Umeacha nafasi ya mkono?" Alimaanisha kwamba jicho huona, kisha mguu na mkono nao hutaka muda wao, na katika gia za chini injini hupanda haraka, kwa hiyo taa lazima iwake kabla kidogo ya pale unapopataka hasa. Ni yeye aliyenifundisha hivyo kabla sijafunga taa hata moja, yeye aliyezidharau. Nikasema nimeacha. Akakanyaga mwenyewe tena mara tatu kuhakikisha, na alikuwa na haki.

Tulipokwenda tena Kilifi sikuweza kutazama. Nilisimama nyuma ya pikapu nikasikiza. Injini ilipanda mpaka nikashika moyo, kisha ikashuka, gia imeingia. Ikapanda tena. Alibadilisha pale pale alipokuwa akibadilisha zamani, mnyooko kwa mnyooko, na mimi niliyekuwa na masikio mazima nikajua hivyo kabla ya mwenye saa.

Alipotoka alionyeshwa saa. Sekunde moja nyuma ya wakati wake wa zamani. Akaitazama, akanigeukia.

"Hii moja ni yangu," akasema. "Ni ya uzee. Naikubali."

Hajakwenda tena tangu siku hiyo. Gari amelifunika mwenyewe na funguo anakaa nazo. Siku moja moja hulivua turubai akaliwasha, akaweka kiganja juu ya boneti ya injini, akafunga macho.

Kwa hiyo mteja akiniuliza kama taa ya gia yasaidia, humwambia yasaidia. Ukiwa na helmeti na upepo na gari jingine linakuvumia ubavuni, masikio hukupotea hata kama ni mazima, na taa haipotei. Lakini humtaka aingie garini, akanyage mafuta mwenyewe, auone mshale na taa kwa macho yake kabla sijafunga kifuniko. Wengine huona nawapotezea wakati. Siwaachi waondoke mpaka wameona.

Mwaka huu, siku ya kwanza ya Ramadhani, nilikuwa nikitandika mkeka nikamsikia baba akivua viatu mlangoni. Hakwenda msikitini kufuturu. Akaja akaketi mahali pake, mkabala nami, akachukua tende, akautazama mkono wangu. Mama alijifanya anapanga vikombe. Adhana ilianza. Nilingoja Allahu Akbar ya kwanza ikamilike, nikangoja na ya pili, ndipo nikainua tende yangu. Naye akainua yake.