Jezi Namba Nane

Nimeishi miji mingi kuliko nilivyopanga: Tunduma, Makambako, Songea, sasa Sumbawanga. Kila ninapohamia, kabla sijajua soko liko wapi, naulizia uwanja wa mpira wa kikapu. Naenda na daftari, namwambia kocha kwamba naweza kumhesabia matendo ya wachezaji wake bila malipo. Tabia hiyo niliipata Kyela, nilipomaliza kidato cha nne nikawa nakaa nyumbani kusubiri matokeo.

Uwanja wetu ulikuwa sakafu ya saruji ya chama cha ushirika, ya kuanikia mpunga. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi walianza kuufuata mpunga hukohuko mashambani, na sakafu ikabaki tupu. Vijana wakasimamisha milingoti na kuchomelea ringi za nondo. Kocha alikuwa bwana shamba aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, mtu mpole, aliyevaa koti la mvua hata siku za jua kwa sababu aliacha kabisa kuiamini mbingu ya Kyela.

Siku moja aliwauliza watazamaji nani ana mwandiko unaosomeka. Rafiki zangu wakanisukuma mbele. Akanipa daftari na kunieleza kwamba kufunga si kila kitu. Nihesabu pia nani anadaka mpira uliogonga ringi ukarudi, nani anatoa pasi inayozaa kikapu, nani anapoteza mpira. Kila tendo kijistari kimoja, mbele ya namba ya jezi.

Mimi ni mtu wa kuchoka upesi, lakini nikishika ile kalamu nilitulia. Wachezaji waliniita Karani. Wakikosa kufunga walinipigia kelele niandike kwamba ni upepo.

Kisha ikaja barua kutoka Mbeya: wilaya ilete wachezaji kumi kwenye mashindano, na orodha ifungwe Jumatatu. Kocha alisema hatachagua kwa kuangalia sura, ataliamini daftari. Nikanakili hesabu za mechi tatu, nikiweka majina badala ya namba, kama nilivyoyaandika mbele ya kila jezi siku ya kwanza. Ijumaa jioni akaisoma orodha. Aliyeongoza kwa kudaka mipira alikuwa kijana mfanyabiashara, mama yake mtu wa Malawi, aliyevuka mpaka kila wiki na aliyekuwa na raba nyeupe mpya. Jezi yake ilikuwa namba nane.

Wakati wengine wanapongezana, kijana mmoja wa Busale alinifuata akikokota baiskeli. Huyu alitokea shambani, hivyo alichelewa kila mechi na kuingia kipindi cha pili, bila viatu. Jina lake halikusomwa.

“Dada,” alisema, “ile namba nane kipindi cha pili huwa naivaa mimi.”

Jezi zetu zilikuwa saba tu, za mitumba. Aliyetoka aliivua yake, aliyeingia akaivaa na jasho lake. Nililiona hilo mechi zote tatu, lakini kalamu ilipoanza kwenda nilitazama migongo tu.

Niliogopa kwamba nikisema, daftari litachukuliwa, na kwa matokeo mabaya ya mtihani niliyoyatarajia sikuwa na kitu kingine. Hata hivyo nikamwendea kocha nikamweleza. Mwenye raba nyeupe, aliyekuwa karibu, akacheka.

“Hata mimi nilishangaa,” alisema. “Mipira yote hiyo niliidaka kwa mikono ya nani?”

“Binti, utarekebishaje?” kocha akauliza.

Nikajibu kwamba jezi zinaazimwa, miguu haiazimwi. Anipe mechi moja zaidi, nihesabu miguu. Kocha, yeye mwenyewe Mwislamu, akapanga Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, na wanafunzi wa bweni, wapinzani wetu wa awali, wakakubali kucheza nasi tena.

Jumapili niliandika pembeni mwa ukurasa: raba nyeupe, raba ya bluu yenye tundu, viatu vya shule, peku. Wa Busale alifika mapema, matope hayajakauka miguuni. Mvua ikanyesha kidogo, wenye raba wakawa wanateleza, peku akaishika sakafu kama mjusi. Vijistari vyake vilijaza mstari, vikashukia wa pili.

Kocha alililinda daftari kwa koti lake akisoma. Akamweka wa Busale kwenye kumi, na mwenye raba nyeupe akawa mchezaji wa akiba, wa kubaki Kyela. Huyo aliondoka bila kuniaga, nami nikaona ni haki yake.

Siku ya safari alitokea stendi na mfuko wa plastiki. Akamkabidhi wa Busale zile raba.

“Mbeya hawachezi peku,” alisema. “Na usinirudishie matundu.”

“Ndaga,” yule akashukuru kwa Kinyakyusa, mara mbili, akachuchumaa kuzijaribu palepale. Kocha akanionyesha kiti changu. Sikuwa nimewahi kutoka nje ya wilaya.

Mbeya kulikuwa na baridi. Kabla ya mechi nilifungua ukurasa mpya. Miguu sasa ilinipotosha, raba nyeupe zilikuwa za mtu mwingine. Nikapita kwenye benchi, nikimuuliza kila mmoja jina lake kamili, hata wale niliowajua tangu utoto, na amevaa namba gani leo, na akiivua nani ataivaa. Walinicheka. Wa Busale alilitaja lake taratibu, huku akifunga kamba za viatu. Nikaliandika la kwanza, kwa wino, ndipo nikainua macho.