Uso wa Mbuzi wa Majabali

Siku yangu ya kwanza katika idara ya wanyama pori, mama alinifukiza udi. Alinikalisha kitini nyumbani kwetu mtaa wa Hail, huku Uarabuni, akaweka chetezo chini, mpaka buibui na nywele vikashika moshi. "Mtoto wa kike hatoki hana harufu," alisema. Nilikuwa nimetoka studio ya picha za pasipoti, najiona fundi, na ofisini Khuwair ya Kusini nilinukia kuliko wote.

Mudir, yaani mkuu wa idara, alikuwa mtu wa maneno machache, familia yake imetoka bara. "Kuna mbuzi-mwitu anaishi kwenye majabali yetu," aliniambia. "Waarabu wanamwita waal. Nataka uso wake, macho yaonekane. Ukileta, kazi ni yako. Msimu wa baridi ukiisha hujaleta, utarudi studio."

Studio nilikuwa nimeichoka vibaya sana. Na huyo mnyama nilitaka kumjua: anakula nini, analala wapi, anaogopa nini.

Nikapelekwa mlimani kwa Said, mlinzi wa hifadhi. Tulikaa ndani ya kificho, kihema cha rangi ya mawe, mpaka jua likawa kali. Hakikupita kitu. Said alininusa kidogo, akauliza, "Dada, umekuja kupiga picha au umekuja harusini?" Akanieleza kwamba jua likipasha mawe, upepo hupanda mlima na harufu hupanda nao. Wanyama walikuwa juu yetu, wameshapata habari zangu zote.

Nyumbani kukawa na ugomvi. Nilitaka kuoga maji matupu na kuvaa buibui lililoanikwa darini usiku kucha.

"Watu watasema sikukulea," alisema mama.

"Kule hakuna watu, mama."

"Na huyo Said?"

"Said ndiye aliyenambia nisifukize."

Jibu hilo lilizidisha mambo. Nilikwenda hivyo hivyo, wiki baada ya wiki, na baridi ikaanza kupungua. Nilianza kuota viti vya studio.

Asubuhi moja tulikuwa kwenye kificho karibu na mkunazi, dume likashuka kuokota kunazi zilizoanguka. Lenzi yangu ilikuwa ile ndefu, ya kuvuta vya mbali, na lenzi ya namna hiyo haioni cha karibu. Alikuja karibu mno, nikaona ukungu tu. Lenzi fupi ilikuwa mkobani, lakini mlio wa zipu ungemkimbiza. Nikashusha kamera polepole. Akainua kichwa akanitazama, kunazi bado mdomoni. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na kazi yangu niliiona inakwenda zake. Alipogeuka kupanda mlima ndipo nikampiga picha, mgongo mtupu.

Mudir aliipokea ile picha. "Nilikuambia uso."

"Uso nimeuona mimi, Mudir. Alikuwa karibu, kamera haikuweza."

Nilingoja anifukuze. Alikwenda kufunga mlango. "Ulimsikia akitafuna?"

"Nilimsikia."

"Alikutazama?"

"Alinitazama."

Akakaa. "Mimi nawalinda kwa karatasi miaka yote hii," alisema, "sijaonana na hata mmoja." Akaniuliza rangi ya manyoya, pembe, kwato, mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Kisha akatia saini ya kuniajiri, akaomba nimpeleke mlimani.

Nilimpeleka kila baridi. Alikaa kimya kifichoni, mtu mzima na koti la mvua, na hakumjia mbuzi hata mmoja. Iliniuma, maana mimi nikienda bila yeye walikuwa wananijia.

Sasa nimestaafu. Vijana wa idara hufunga kamera kwenye miamba, zikapiga zenyewe mnyama akipita, na picha zao ni nzuri kuliko zangu. Hunionesha kwenye simu, nami huzisifu kwa haki. Lakini moyoni humkumbuka Mudir siku tuliyomuaga alipostaafu. Nilimpa picha kubwa, niliyoipata hatimaye, ya ule uso alioutaka, macho yote mawili yanaonekana, imetiwa fremu. Aliitazama mpaka wageni wakaanza kuondoka.

"Nashukuru, mwanangu," akasema. "Lakini hapa anakutazama wewe."