Nilipojifanya Mlango wa Salamu za Rujewa

Jamani, hii habari kabla sijaisimulia huwa nafunika uso kwanza, kwa sababu mpaka leo nikifika Igowole kuna watu wananicheka kabla hawajanisalimia, na wala siwalaumu, ningekuwa wao ningecheka mpaka nikae chini.

Miaka ile ya sabini nilikuwa na hoteli ya chai pale stendi ya Rujewa (naiita hoteli, lakini ilikuwa mabanzi, bati chache na birika lisilopoa), jirani na mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo malori yaliyobeba mchele kwenda Iringa, Mbeya, mpaka Makongolosi kwa wachimba dhahabu, yote yalisimama kwangu. Simu hatukuwa nayo, barua ilitembea kama kinyonga, basi watu walitumiana habari kwa midomo. Unampa dereva, unampa na mama muuza vitunguu, unampa na mchunga ng'ombe anayeelekea upande huo, halafu unamwachia Mungu. Ujumbe mmoja ulikuwa unafika mara mbili, mara tatu, na mimi jambo hilo lilinikera sana, sijui kwa nini, halikuwa linanihusu.

Siku moja nakaanga maandazi, dereva mmoja akaleta habari kwamba ng'ombe wa jirani yangu kule Chunya amezaa, akaja wa pili akasema ng'ombe amekufa, akaja wa tatu akasema ng'ombe ameuzwa, jirani akabaki katikati ya stendi hajui acheke au alie. (Baadaye tulikuja kujua kwamba wote watatu walisema kweli, walikuwa ng'ombe tofauti, lakini hayo tuliyajua nimeshaharibu.) Nikapanda juu ya benchi, nikasema, "Ndugu zangu, fujo hii ya nini? Kuanzia leo salamu zote zinazoingia na zinazotoka zipitie kwangu. Mimi nitazinyoosha, zifike zimenyooka."

Watu wakapiga makofi. Madereva ndio waliofurahi kupita wote, maana walichoka kusimamishwa njiani, na haikuchukua muda, ukimsimamisha dereva yeyote anakujibu, "Mpelekee Ambakisye," yaani mimi, halafu anakanyaga mafuta. Wakaanza kuniita Mkuu wa Salamu. Nami nikavimba, bwana, nikaanza kutembea polepole kama mtu mwenye ofisi.

Nilianza kwa kuondoa matusi tu. Mtu wa Igowole akisema, "Mwambieni huyo mwizi arudishe jembe langu," mimi namfikishia mwenzake, "Anakusalimu sana, anakukumbuka hasa wakati wa kulima." (Haukuwa uongo mtupu! Alikuwa anamkumbuka kweli.) Kutoka matusi nikahamia maneno makali, kutoka maneno makali nikahamia maneno ambayo mimi mwenyewe nimeyaona hayapendezi, na hakuna aliyejua, kwa sababu hapakuwa na mdomo mwingine wa kunisahihisha.

Sasa, palikuwa na Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kwetu bonde la Usangu na ng'ombe wake, mtu mwema sana lakini akikwambia "habari ya asubuhi" kuku wanakimbia. Mwanawe Maduhu alikuwa anataka kumwoa Eliza, binti wa Mzee Kalinga wa Igowole, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa maneno machache. Wazee hawa walikuwa hawajaonana. Ikapangwa Jumamosi waonane kwa Kalinga, ndipo dereva Sanga akanishukia na ujumbe: "Mzee Kalinga anasema waje watu watano tu. Wasije na ngoma, mama yake anaumwa, hataki kelele. Na wavae makoti, huku kuna baridi."

Nikajiuliza, hivi kweli unaweza kumhesabia watu mkwe wako wa kesho? Na kumwambia mtu mzima avae koti si kumwita mjinga? Masanja mwenyewe alikuwa pale pale anakunywa chai, ila kelele za mashine ya mpunga zilikuwa zimemziba masikio. Nikajipangusa mikono, nikasema, "Mzee, Igowole wanasema karibuni nyote, nyumba ni yenu."

Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo kama punje ya mchele. Keshokutwa yake dereva mwingine akaleta ujumbe ule ule, nikamwambia nimeshaupokea. Akaja dereva wa tatu, huyo sikumwacha hata amalize.

Jumamosi Masanja akakodi lori la Sanga (Sanga aliponiuliza vipi ule ujumbe wa watu watano, nikamwambia nimeshaunyoosha), wakajaa wajomba, shangazi, majirani, ngoma na fahali mmoja wa zawadi, nami nikapewa nafasi ya mbele kama mgeni wa heshima, nimevaa suti ya kuazima. Tukapanda Makambako, tukapita Mafinga, tulipokaribia Igowole ukungu ukatufunika, baridi ikawaingia watu wa bondeni waliovaa vishati vyepesi mpaka meno yakawa yanagongana. Basi wakafanya jambo la akili kabisa, wakapiga ngoma kwa nguvu zaidi ili wapate joto.

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwa Mzee Kalinga. Uani vimepangwa viti vitano.

Masanja akaruka chini. "Kamwene!" akanguruma (mimi ndiye niliyemfundisha salamu ile ya Kihehe), njiwa wote wakatoka kwenye paa.

Mzee Kalinga akatazama lori, akatazama fahali, akatazama viti vyake. "Nani kawaambia mje kijiji kizima?"

"Si wewe? Ulisema nyumba ni yetu!"

Eliza akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba, mimi mwenyewe niliwapa madereva watatu, ili hata wawili wakisahau mmoja afikishe. Ujumbe wote umeishia wapi?"

Sanga akakohoa kwenye usukani. "Kwa Ambakisye. Siku hizi zote zinaishia kwa Ambakisye."

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia nyuma ya fahali. Kumbe katika majirani waliokuja kushangaa alikuwepo yule mwenye jembe, akapaza sauti, "Ambakisye ndiye huyo? Nimetuma habari ya jembe langu tangu masika!" Na juu ya lori alikuwepo aliyelichukua jembe, tena amembebea jogoo kwa mapenzi, akauliza kwa uchungu wa kweli, "Kumbe hukuwa unanikumbuka?"

Hapo mlango ukafunguka. Akatoka bibi kizee amejifunika blanketi mpaka kidevuni, mama yake Mzee Kalinga. Akatazama umati, akatazama ngoma. "Mmeanza matanga yangu? Mbona hamkusubiri nife?"

Shangazi mmoja wa Kisukuma akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikashika uani kama moto wa nyika, bibi mwenyewe akacheka mpaka akashikiliwa. Alipoelezwa, akaninyooshea kidole. "Panda juu ya lori. Useme yote uliyoyameza, kama yalivyosemwa. Usiongeze sukari."

Nikapanda. Na suti yangu ya kuazima. Nikasema ya viti vitano, ya makoti, ya ngoma, nikasema ya jembe pamoja na neno mwizi lake (jogoo akatoroka hapo hapo), na kwa kuwa bibi alikuwa bado anasema "endelea", nikatoa na la Masanja ambalo halikuwahi kutoka Rujewa: "Mzee Masanja alisema waulizeni twende wangapi, tusije tukawalemea. Mimi nikaona litamfanya aonekane mnyonge, nikaliacha."

Mzee Kalinga akamgeukia mgeni wake. "Uliuliza hivyo?"

"Niliuliza," akasema Masanja, na naapa alinong'ona.

Wakashikana mikono. Watu watano wakaingia ndani, waliobaki wakagawiwa mablanketi wakaota moto jikoni, ngoma zikawa vigoda. Eliza akaolewa baada ya mavuno. Mimi sikuwa kwenye wale watano, wala jikoni hawakunikaribisha. Nilikabidhiwa kamba ya fahali nje kwenye ukungu mpaka mazungumzo yaishe, naye akatumia muda huo kutafuna kola ya suti ya watu.

Tangu siku ile nimeapa, ukinipa salamu nitazifikisha na matusi yake, na nitakusihi umpe na mtu mwingine. Wala sihitaji kukusihi sana. Hata mke wangu, akitaka kuniambia tu kwamba ugali umeiva, huwa anatuma watu wawili.