Fundi Taratibu na pikipiki iliyogoma kuwaka

Saa mbili asubuhi, Fundi Taratibu bado hajagusa spana. Amekaa kwenye kigoda mbele ya kibanda chake cha mabati, anaikodolea macho pikipiki nyekundu iliyopauka, na mwenye pikipiki ameanza kuchoka.

"Shemeji, utaitazama mpaka iwake yenyewe?"

"Tulia, shemeji. Mara ya mwisho iliwaka lini?"

"Siku moja kabla ya kaka yako kulazwa."

Mama huyu, mwalimu mstaafu, ni mjane wa rafiki wa fundi wa ujanani, waliyeitana kaka. Pikipiki imelala stoo mwaka mmoja na nusu. Wanawe waliipeleka kwa mafundi watatu: wa kwanza akabadilisha plagi, wa pili akaosha kabureta na kujaza petroli mpya, wa tatu akaweka betri na koili. Haikutoa hata kikohozi. Sasa wamempa mama yao mpaka Jumamosi, kisha inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Watoto wanaona chuma," anasema. "Mimi hiyo imenipeleka shule miaka ishirini, nimemshika mwenzangu kiunoni."

Fundi ana umri wa miaka 61, na 34 kati ya hiyo ameimalizia kwenye kibanda hikihiki. Zamani wateja walipanga foleni mpaka barabarani. Siku hizi akipata pikipiki mbili kwa siku anashukuru. Jina la Taratibu walimpachika mafundi wenzake kwa utani, kwa sababu hafungui vitu viwili kwa mpigo.

"Ukifungua viwili ikawaka, utajuaje kipi kilikuwa mgonjwa?"

Anaanza na petroli. Anachomoa mpira wa mafuta, petroli inatiririka safi, anaurudisha. Anafungua plagi, anaziba tundu lake kwa kidole gumba na kupiga kiki. Pumzi ya injini inakisukuma kidole.

"Kifua kizima."

Anaigusisha plagi kwenye chuma cha injini, anapiga kiki tena. Hakuna cheche.

Hapa ndipo wenzake waliponunua vipuri. Yeye anaufuata waya kwa vidole, polepole, kutoka kwenye koili, chini ya tangi, mpaka chini ya kiti. Nyuma ya betri vidole vinasimama. Pana kipande cha tyubu kilichofungwa kwa uzi mwekundu, mizunguko mitatu, fundo pembeni.

Fundo hilo analifunga mtu mmoja tu.

"Shemeji, nisamehe. Hii kazi ni yangu."

Miaka 19 iliyopita, wezi walipojaribu kuondoka na pikipiki hiyo, rafiki yake alimwomba amfichie swichi ya kukata umeme wa plagi. Wakaapa kutomwambia mtu.

"Hata wewe. Alisema ukiulizwa huwezi kudanganya," fundi anacheka, lakini macho yamemlowa. "Nikaificha vizuri mpaka nikaisahau mwenyewe!"

Fundi anaisukuma tyubu pembeni, mama anainama kuiangalia swichi. Imezimwa.

"Kwa hiyo aliizima yeye? Siku ile?"

"Nani mwingine, shemeji? Tulijua wawili tu."

Fundi ananyoosha mkono, mama anamzuia. "Niachie mimi."

Anaibonyeza, fundi anairudisha plagi na kupiga kiki. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, injini inakohoa. Ya tatu inanguruma, na mama anashika kiti kwa mikono miwili, analia waziwazi mbele ya wapita njia.

"Nikutolee hiyo swichi?" fundi anauliza baadaye.

"Thubutu! Alivyoiacha ndivyo itakavyokaa. Na hao wanangu usiwaambie ilipo."

Pikipiki ilipoondoka, fundi alivuka barabara kununua daftari. Anataka kuandika kila swichi aliyowahi kuficha, ni ya nani na iko wapi, kabla kumbukumbu haijamtoroka. Anakadiria zinafika hamsini, na wenyewe wengi wameshatangulia.

"Nikifa na siri zote hizi, nitakuwa nimezima pikipiki za watu," anasema.

Ukurasa wa kwanza ameuruka makusudi. Ile nyekundu, anasema, haina haja ya kuandikwa. Ina mtu wa kuikumbuka.