Niliyemlilia Ujanani Alikuja Kliniki, na Sikuhisi Kitu

Mwanaume niliyewahi kumlilia mpaka mama akatishia kuchoma mabango yangu yenye sura yake alikuwa amelala kifudifudi mbele yangu, fulana imepandishwa mgongoni, na mimi nilikuwa nawaza kama nimezima jiko.

Sitanii.

Naitwa Sol-mi. Nakanda viungo vya watu kwenye kliniki moja hapa Bucheon, Korea Kusini, juu ya duka la miwani. Siku hiyo aliingia mgonjwa mwenye barakoa na kofia, jina alilojiandikisha la kawaida tu. Nilipobonyeza karibu na kiuno akasema, "Hapo, mwalimu. Taratibu." Wagonjwa wa huku ndivyo wanavyotuita.

Sauti ile ningeijua hata nikiwa usingizini.

Ha-ram. Ha-ram wa Yeoul. Yule anayecheza katikati jukwaani.

Nikasubiri moyo uruke. Haukuruka. Nikaendelea kubonyeza.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Yeoul walikuwa kundi la muziki, vijana watano wanaoimba na kucheza. Nikiwa sekondari, kipenzi changu alikuwa Ha-ram, na sababu ilikuwa moja tu: sura. Nilimkubali vibaya mno. Mtu akimsema vibaya darasani, siongei naye mpaka muhula uishe.

Halafu nikafeli mtihani wa kuingia chuo. Mwaka ule wa kurudia, sura nzuri ilianza kuniudhi. Nikahamia kwa Tae-gyeom, yule anayeghani, kwa sababu naye alifeli mtihani uleule na alikuwa analisema jambo hilo wazi kwenye nyimbo. Rafiki yangu Gyeong-ah, tuliyejuana kwenye foleni ya tamasha lao, alininunia wiki nzima. Yeye ni Ha-ram tu mpaka leo. Aliniita kigeugeu.

Nilipoanza kazi nikawa narudi nyumbani mikono imekufa ganzi. Maneno mazito ya Tae-gyeom sikuyataka tena. Nikahamia kwa Ma-ru, mdogo kuliko wote kundini, kwa sababu alikuwa anacheka hovyo hata akijikwaa jukwaani. Nilikuwa nakula tambi za kikombe huku namtazama akicheka. Basi. Siku imeisha.

Mwaka juzi hamu yenyewe ikakatika.

Hakuna aliyefariki. Hakuna aliyeniacha. Niliweka video yao mpya, ikachezwa hadi mwisho, nikagundua muda wote nilikuwa natazama chaji ya simu. Tangu hapo chakula kikawa chakula tu, watu wakawa watu tu. Gyeong-ah alidhani nimehamia kundi lingine namficha. Nikamwambia sina mtu. Hakuniamini.

Sasa turudi kliniki.

Ha-ram alikuja tena, na tena. Daktari alikuwa ameshamwonyesha picha za uti wa mgongo na kumweleza kwa yale maneno yao marefu. Tamasha la miaka kumi la Yeoul lilikuwa limekaribia. Siku moja, akiwa anahangaika kufunga kamba za viatu, akaniuliza bila kunitazama:

"Mwalimu, nitaweza kucheza?"

Kampuni inayowasimamia ilikuwa inamwambia atapona. Meneja hivyohivyo. Mama yake hivyohivyo. Labda na mimi ningekuwa na huruma ningemwambia hivyohivyo, lakini siku zile sikuwa nayo.

"Hapana," nikasema. "Ukiruka jukwaani mwezi huu, mwakani utafungwa viatu na mtu."

Akamalizia kamba ya pili.

"Kipenzi chako alikuwa nani?"

Kumbe alijua kwamba namjua.

"Wewe. Mpaka nilipofeli mtihani."

"Halafu?"

"Tae-gyeom. Halafu Ma-ru."

"Na sasa?"

"Hakuna."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyetajiwa mtaa aliowahi kuishi.

"Mimi sijawahi kuwa na kipenzi," akasema, akachukua kofia yake akaondoka.

Siku chache baadaye kampuni ikatangaza kwamba Ha-ram hatapanda jukwaani. Mitandao ikawaka moto. Gyeong-ah akaja kwangu macho yamevimba, ana tiketi mbili, akasema hawezi kwenda peke yake kutazama kundi lisilo na mtu wake. Sikumwambia kitu. Ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nikakubali kwenda kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo, na sikuwa na nguvu za maelezo.

Walitoka wanne. Nafasi ya katikati hawakuiziba, walicheza wakiizunguka. Gyeong-ah alilia mpaka akakosa sauti. Mimi nilikuwa natafuta tu pa kuweka macho.

Ndipo nikamwona.

Hakuwa jukwaani. Alikuwa kwenye mstari wetu, kiti cha mwisho kabisa, barakoa, kofia, na juu ya koti mkanda wa kiuno niliomfungia kwa mikono yangu. Mkononi ana taa ya mashabiki, anaipunga nje ya mdundo.

Ma-ru alipokuja mbele kucheza peke yake, Ha-ram, yule wa katikati, aliinuka kwa shida, akashikilia kiti cha mbele yake, akaliita jina la Ma-ru kwa sauti iliyopasuka. Hakuna aliyegeuka. Ukumbi mzima ulikuwa unaita.

Wiki iliyofuata sikumuuliza. Alianza mwenyewe, uso ukiwa kwenye kitanda.

"Miaka yote nilikuwa mbele yao. Nilikuwa nasikia miguu tu nyuma yangu. Sikujua kama Ma-ru anacheza vile."

"Kwa hiyo ndo kipenzi chako?"

"Ndiyo." Akasita. "Usije ukamwambia. Atatusumbua sana."

Nikacheka. Kidogo, kwa pua, lakini nilisikia kwamba ni mimi.

Msinielewe vibaya, sijapona. Bado kuna siku nakula na sijui nimekula nini. Ila lile jina la kigeugeu haliniumi tena. Nilikuwa nasogea tu, na kila niliposogea nikamwona mtu ambaye pale nilipokaa mwanzo nisingemwona. Kama wewe unayesoma hapa umeacha kupenda ulichokipenda, usijilazimishe kukirudia, wala usijione umeharibika. Hama kiti. Labda utaona kitu, labda hutaona leo.

Jumamosi, tukiwa mezani tunakula, Gyeong-ah aliniuliza tena nina nani siku hizi. Nikamwambia bado natazama.

Safari hii hakununa. Akanisogezea bakuli.