Mbili Kati ya Kumi na Tano

Juzi nimetoka darasani nikawakuta madogo wa kidato cha pili wamejazana kwenye msingi wa tangi la maji, wanasahihishana. Mtihani wao wa Kiswahili ulikuwa haujamaliza hata robo saa tangu uishe. Mmoja anaapa ana A, mwingine ameshika kichwa, wa tatu anamwambia huyo aliyeshika kichwa, "Wewe jiandae kusoma na mdogo wako." Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja. Najua utaniona kituko, rafiki yangu. Mtu mwenyewe niko kidato cha nne, ndevu zenyewe nne, eti nakaa kukumbuka utoto wa miaka miwili iliyopita. Lakini nivumilie. Utoto wangu uliishia pale pale kwenye tangi, na siku yenyewe naijua.

Enzi zetu msahihishaji mkuu nilikuwa mimi. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa naweza kuigiza sauti ya mwalimu wa Kiswahili, ile ya kuvuta pumzi puani kabla ya kukuumbua kistaarabu, na hiyo ilitosha kunipa cheo. Mtu akitoka kwenye mtihani anakuja kwangu, anasimulia alichoandika, namkatia alama. Malipo yangu yalikuwa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa juani, ambavyo wenzetu waliotoka vijijini walikuja navyo mifukoni. Vigumu kama kokoto. Unakiweka shavuni kilainike taratibu huku unamfelisha mwenye nacho. Ilikuwa Novemba, mvua mbili tatu zimeshapiga, udongo unanukia, na kutoka jikoni unakuja moshi wa kande pamoja na sauti ya mpishi akigombana na kuni mbichi. Sijawahi kuwa mtu mkubwa kama nilivyokuwa pale.

Sasa kulikuwa na mwenzangu wa dawati, ambaye sote tulimwita Jirani. Mpole, mrefu, anaishi na bibi yake kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka shuleni. Alipenda Jiografia mpaka inakera. Reli ya Mwanza aliijua kituo kwa kituo, Bukene, Isaka, Shinyanga, Malampaka, anakutajia bila kumeza mate, kama kondakta.

Siku ya kwanza ya mtihani wa taifa tulifanya Kiswahili. Swali la barua lilitaka umwandikie mkurugenzi wa halmashauri, umwombe kisima cha shule. Barua ya kikazi kila mtu anaijua: anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari, shida yako, jina, umemaliza. Haina salamu. Jirani alikuja tangini wa mwisho, akanipa tobolwa langu, akasimama kama yuko mahakamani.

"Nimeanza na shikamoo," akasema.

Watu wakaguna. "Halafu?" nikamuuliza kwa sauti ya mwalimu.

"Nikamuuliza familia haijambo. Nikauliza kama kwao mvua zimeanza. Na mifugo."

"Mifugo ya mkurugenzi?"

"Si anaweza kuwa nayo."

"Kisima umekiomba ukurasa wa ngapi?"

"Wa pili. Chini." Akaona tunavyoangaliana. "Sasa mtu mzima ningemuanzaje na kisima?"

Tulicheka mpaka mpishi akachungulia. Na mimi, kwa kuwa watu walikuwa wengi na kicheko kilikuwa kitamu, nikavuta pumzi puani, nikatoa hukumu. "Mbili kati ya kumi na tano. Moja ya mwandiko, moja ya adabu. Kiswahili kimeondoka, Jirani. Na Kiswahili kikiondoka, hiyo mitihani mingine unajisumbua tu. Mwakani tutakuja kukusalimia hapa hapa kidato cha pili." Alitabasamu. Akachukua baiskeli yake, akaenda.

Kesho yake asubuhi ilikuwa Jiografia, na dawati lenye namba yake lilikuwa tupu.

Msimamizi alisubiri, akachungulia nje, akarudi. Nilifungua karatasi nikakutana na ramani, na katikati ya ramani, reli. Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka tu nilikuwa nageuka kuangalia mlangoni mpaka msimamizi akaniambia, "Wewe, majibu hayapo huko." Nusu saa ya kuruhusiwa kuchelewa ikapita. Karatasi ikaisha saa nne na nusu. Baiolojia ilikuwa saa nane. Nikamwomba mpishi baiskeli yake, sikumwambia ya nini, na yeye kwa sura niliyokuwa nayo hakuuliza.

Nilifika kwa bibi yake nimelowa jasho. Alikuwa uani, anageuza michembe, vipande vya viazi vitamu vibichi, juani. Nikaanza, "Bibi, yuko wapi—"

Akanyoosha mkono, si kwa hasira. "Umetoka wapi wewe, hata hujaamkia?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wa nani wewe?" Nikamwambia. "Mama hajambo?" Hajambo. "Na baba?" Hajambo. "Huko kwenu mvua imepiga?" Imepiga bibi. "Mmeshapanda?" Tumeanza. "Mbuzi je?" Rafiki yangu, sisi tunakaa mjini karibu na stesheni, hatujawahi kuwa na hata kuku, lakini nilimjibu mbuzi wazima, maana saa ilikuwa inakwenda na nilishaona hakuna njia ya mkato. Akanipa maji kwenye kata. Nikanywa yote. Ndipo akakaa, akaweka mikono magotini. "Haya. Sema shida yako."

Kile kisima cha Jirani kiliombwa mahali pake, baada ya salamu. Niliona hivyo pale pale, na kata bado iko mkononi.

"Jana nilimwambia amefeli, bibi. Nilikuwa natania."

"Wewe ndiye mwalimu wao?"

"Hapana bibi."

"Ndiye unayesahihisha huko serikalini?"

"Hapana."

"Basi ulimfelisha kwa cheo gani?"

Akanionyesha kidole nyuma ya nyumba. "Aliniambia mitihani imekwisha."

Jirani alikuwa anapandisha matuta, shati la shule limetundikwa kwenye kichaka. Nikamwambia saa nane kuna Baiolojia.

"Si ulisema nimefeli."

"Mimi nasema vitu vingi, Jirani. Umenijua leo?"

"Ulisema kwa namba," akajibu bila kuinua macho. "Ungesema tu nimefeli, ningejua unatania." Akapiga jembe mara mbili, akasimama. "Jiografia imetoka nini?"

Ningeweza kumdanganya. "Ramani," nikasema. "Ilikuwa na reli."

Akatazama tuta lake refu lililonyooka. Kisha akafuta jembe kwa majani, akaenda kunawa. Tulirudi kila mtu na baiskeli yake, tukaingia chumbani dakika mbili kabla ya saa nane, yeye na udongo kwenye kucha.

Matokeo tuliyatazama Januari kwenye simu ya dada yangu. Jirani alifaulu, akavuka kidato cha tatu. Kiswahili yeye B, mimi C. Labda mkurugenzi ana mifugo kweli, sijui. Halafu macho yetu yakashuka pamoja mpaka kwenye Jiografia, na pale palikuwa na X, alama ya mtu ambaye hakutokea. Nilianza kusema kitu, akaniwahi.

"Hiyo siyo sifuri," akasema. "Sifuri ni ya aliyekuja."

Akacheka, kwa hiyo nami nikacheka, ingawa kicheko changu kilikuwa na machozi.

Mwaka ule ule mama yake alimchukua akaenda naye Urambo, anasoma huko. Dawati letu wakalipeleka kwa fundi, halikurudi. Mimi nilijiuzulu tangini, na walionifuata ni wakali kuliko mimi. Jumamosi nyingine napanda baiskeli naenda kwa bibi. Ananiuliza mama, baba, mvua, mbuzi, na mimi namuuliza vya kwake, hadi vinaisha vyote. Kisha anaweka mikono magotini kunisikiliza shida yangu, nami namwambia leo sina, nimekuja kusalimia tu.